Ukarabati wa Mielini kwa Msaada wa Seli Shina: Utafiti Umefika Wapi na Mwananchi Atambue Nini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila ifikapo Mei 30, dunia huadhimisha Siku ya Maltipo Sklerosisi, ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaofahamika zaidi kwa kifupi cha MS. Katika nchi nyingi za Afrika maadhimisho hayo hupita kimya, kwa kuwa idadi ya wanaotambuliwa kuwa na ugonjwa huo ni ndogo ikilinganishwa na Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Hata hivyo, jina moja linalohusishwa na matumaini ya wagonjwa hao limekwisha kupenya hadi katika simu za wananchi wa kawaida, nalo ni seli shina. Matangazo ya unga, vidonge, matone na sindano zinazodaiwa kuwa na seli shina, au majimaji yatokanayo na seli hizo, husambaa katika mitandao ya kijamii yakiahidi kuponya kupooza, kiharusi na ganzi ya miguu.

Ugumu wa kuyajibu matangazo hayo unatokana na ukweli kwamba yana chembe ya sayansi ndani yake. Kwa takriban miongo miwili sasa, watafiti katika nchi mbalimbali wamekusanya ushahidi kwamba vitu vinavyotolewa na seli shina vinaweza kuusaidia mwili kurejesha mielini, yaani tabaka linalolinda nyuzi za neva. Ushahidi huo umechapishwa katika majarida ya kitaalamu na umehakikiwa. Hata hivyo, kutoka kwa panya wa maabara aliyepata nafuu hadi kwa chupa inayouzwa kwa mgonjwa ni safari ndefu, na safari hiyo bado haijakamilika. Makala haya yanaeleza utafiti huo umefika wapi, na kwa nini mwananchi anapaswa kujua tofauti kati ya matumaini ya kisayansi na tiba iliyothibitishwa.

Mielini na kazi yake

Mielini ni tabaka la mafuta na protini linalozunguka nyuzi za neva. Jina hilo lilitolewa mwaka 1854 na tabibu Mjerumani, Rudolf Virchow. Takriban asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake mkavu ni mafuta, na ndiyo maana sehemu za ubongo zenye mielini nyingi huonekana nyeupe.

Wengi huifananisha mielini na plastiki inayofunika waya wa umeme. Mfano huo unasaidia, lakini hautoshi. Mielini haifuniki uzi wa neva kwa mfululizo, bali huacha nafasi ndogondogo zilizoelezwa katika miaka ya 1870 na mwanasayansi Mfaransa, Louis-Antoine Ranvier. Taarifa inayosafiri katika neva huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine, mithili ya mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe badala ya kupita ndani ya maji. Kwa njia hiyo, neva yenye mielini nene huweza kusafirisha taarifa kwa kasi inayofikia mita 120 kwa sekunde, wakati neva isiyo na mielini husafirisha kwa kasi ya mita moja au mbili tu. Katika umbali wa mita moja, ambao unakaribia ule wa kutoka kiunoni hadi unyayoni, hiyo ni tofauti kati ya sehemu ya mia ya sekunde na sekunde nzima. Mtu anayetembea hawezi kuisubiri sekunde hiyo.

Katika neva za mikono na miguu, mielini hutengenezwa na seli za Schwann. Katika ubongo na uti wa mgongo, kazi hiyo hufanywa na seli ziitwazo oligodendrositi, ambazo moja huweza kufunika hadi vipande 50 hivi vya nyuzi za neva. Kwa sababu hiyo, kufa kwa seli moja tu huathiri nyuzi nyingi kwa wakati mmoja.

Kwa mgonjwa wa MS, kinga ya mwili hugeuka na kuishambulia mielini ya ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa anaweza kuona ukungu katika jicho moja, kupata ganzi, kuishiwa nguvu miguuni, kupoteza mizani, kuchoka kupita kiasi au kushindwa kudhibiti mkojo. Ugonjwa huo ulielezwa kwa kina mwaka 1868 na daktari Jean-Martin Charcot jijini Paris. Kwa mujibu wa Atlasi ya MS ya mwaka 2020, watu milioni 2.8 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huo, wastani wa umri wa kugunduliwa ulikuwa miaka 32, na idadi ya wanawake ilikuwa takriban mara mbili ya ile ya wanaume. Hao ni watu walio katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto. Atlasi hiyo ilitaja pia uhaba wa wataalamu, uhaba wa vipimo na uelewa mdogo wa dalili kuwa miongoni mwa vikwazo vya kuutambua ugonjwa huo mapema.

Kuchelewa huko kuna gharama. Neva iliyopoteza mielini kwa muda mrefu hudhoofu na hatimaye hufa, na neva iliyokwisha kufa haina tena kitu cha kufunikwa.

Mafundi waliosimama bila kuanza kazi

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mielini ya ubongo na uti wa mgongo ikiharibika haiwezi kurudi. Mwaka 1961, watafiti Mary Bunge, Richard Bunge na Hans Ris walionesha vinginevyo. Walipochunguza uti wa mgongo wa paka wakubwa ulioharibiwa mielini, waliona neva zikifunikwa upya. Mielini mpya huwa nyembamba kuliko ya awali, lakini husaidia kurejesha mwendo wa taarifa.

Kazi hiyo hufanywa na seli changa ambazo ni watangulizi wa oligodendrositi. Seli hizo hubaki katika ubongo wa mtu mzima maisha yake yote, na hukadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 8 ya seli zote za mfumo mkuu wa fahamu. Jeraha linapotokea, huzaana, husogea hadi mahali palipoharibika na kukomaa, kisha huanza kutengeneza mielini.

Uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki wakiwa na MS umeonesha jambo la kutafakarisha. Katika majeraha mengi ya muda mrefu seli hizo changa zipo, lakini hazijakomaa. Hali hiyo inafanana na mafundi waliokwisha kufika katika eneo la ujenzi wakakuta kifusi hakijaondolewa, ugomvi unaendelea, na hakuna aliyewapa maelekezo ya kuanza. Swali la watafiti likawa ni namna gani kifusi kitaondolewa, ugomvi utatulizwa na maelekezo yatafikishwa. Hapo ndipo seli shina zilipoingia katika mjadala.

Kutoka seli hadi kile inachokitoa

Seli shina ni seli ambazo bado hazijabobea katika kazi moja, na huweza kuzaa seli za aina nyingine. Zipo za aina nyingi. Aina inayohusika zaidi na mjadala huu ni seli shina za mesenkima, zinazopatikana katika uloto, mafuta ya mwili, kitovu cha mtoto mchanga na kondo la nyuma. Jina hilo lilienezwa na mwanasayansi Mmarekani, Arnold Caplan, mwaka 1991.

Matarajio ya awali yalikuwa kwamba seli hizo zikiingizwa mwilini zitakwenda mahali penye jeraha, zigeuke kuwa seli za neva au za mielini, na kuziba pengo. Mwaka 2005, kundi la watafiti wa Genoa nchini Italia likiwa na Antonio Uccelli lilieleza kuwa panya waliosababishiwa ugonjwa unaofanana na MS walipata nafuu baada ya kupewa seli hizo. Nafuu hiyo, hata hivyo, haikutokana na seli kugeuka kuwa neva, bali na kutulizwa kwa seli za kinga zilizokuwa zikiushambulia mwili.

Ushahidi wa wazi zaidi ulipatikana mwaka 2012 kutoka Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani. Watafiti wa huko walikuza seli shina za uloto wa binadamu katika majimaji ya lishe, wakaziondoa seli zote, kisha wakawapa panya wagonjwa majimaji yaliyobaki. Panya walipata nafuu ingawa hawakupewa seli hata moja. Watafiti hao walipoyachuja majimaji hayo kutafuta kilichofanya kazi, walikuta protini ya kuchochea ukuaji iitwayo HGF. Walipoizuia protini hiyo, nafuu ilitoweka. Walipoitoa yenyewe peke yake katika uti wa mgongo ulioharibiwa, mielini ilirejea kwa kasi zaidi.

Matokeo ya aina hiyo yalibadilisha mwelekeo wa taaluma nzima. Mwaka 2017, Caplan mwenyewe alipendekeza kuwa jina alilolieneza libadilishwe, kwa hoja kwamba seli hizo husaidia kwa kutuma ishara za kitabibu kwa seli nyingine, na si kwa kugeuka kuwa viungo vipya. Ni nadra kwa mwanasayansi kusimama hadharani na kusema kuwa jina lililompatia sifa linawapotosha wagonjwa.

Kazi nne za majimaji hayo

Tafiti za maabara na za wanyama zinaonesha kuwa vitu vinavyotolewa na seli shina za mesenkima husaidia kwa njia nne kuu. Kwanza, hutuliza seli za kinga zinazoishambulia mielini. Pili, huzisaidia seli walinzi za ubongo kuondoa mabaki ya mielini iliyoharibika, ambayo yasipoondolewa huzuia seli changa kukomaa. Tatu, huzipa seli changa ishara ya kukomaa na kuwa oligodendrositi. Nne, huzilinda neva zenyewe ili zisife kabla ya kufunikwa tena.

Sehemu ya ishara hizo husafiri zikiwa protini zinazoelea katika majimaji. Sehemu nyingine hubebwa ndani ya vifuko vidogo sana vinavyoitwa eksosomu, vyenye kipenyo cha takriban nanomita 30 hadi 150. Mamia kadhaa ya vifuko hivyo yakipangwa mstari mmoja hayazidi unene wa unywele wa binadamu. Ndani yake mna protini, mafuta na vipande vya RNA vinavyoweza kubadili tabia ya seli inayovipokea.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti uliotumia vifuko vilivyotolewa na seli shina za kondo la nyuma. Panya waliopewa kiwango kikubwa cha vifuko hivyo waliboresha uwezo wa kutembea, kama ilivyokuwa kwa waliopewa seli zenyewe, na uti wao wa mgongo ulionesha dalili za kurejea kwa mielini.

Kimatibabu, njia hiyo ina mvuto wa pekee. Seli nzima zikiingizwa kwa dripu, nyingi hunaswa kwenye mapafu na kufa ndani ya siku chache. Vifuko ni vidogo kuliko seli kwa mbali, hivyo kikwazo hicho ni kidogo kwake. Haviwezi kujigawa, hivyo havitarajiwi kuzaa uvimbe. Aidha, vinaweza kugandishwa na kuhifadhiwa.

Changamoto nazo si ndogo. Kinachotolewa na seli hubadilika kulingana na aliyezitoa, umri wake, sehemu ya mwili zilikotoka na namna zilivyokuzwa. Makundi mawili ya vifuko yaliyotayarishwa katika wiki tofauti yanaweza yasifanane. Dawa ya kawaida hupimwa kwa miligramu na kila kidonge hulingana na kingine, lakini kwa vifuko wataalamu bado wanajadiliana kipimo sahihi ni kipi: idadi yake, wingi wa protini au nguvu ya kazi vinayoifanya. Pasipo jibu la swali hilo, daktari hawezi kujua anampa mgonjwa kiasi gani cha kitu gani.

Matokeo kwa binadamu

Kundi la Genoa lililoona nafuu kwa panya mwaka 2005 lilishiriki kuongoza jaribio kubwa la kitabibu lililojulikana kama MESEMS, lililohusisha wagonjwa 144 wa MS katika nchi tisa. Wagonjwa walipewa seli shina zilizotokana na uloto wao wenyewe kwa nyakati tofauti na kimiminika kisicho na seli, bila wao wala madaktari waliowapima kujua kipi kilitolewa lini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Seli hizo zilionekana kuwa salama katika kipindi cha utafiti, lakini hazikupunguza idadi ya majeraha mapya yanayoonekana kwenye kipimo cha MRI, jambo ambalo lilikuwa kipimo kikuu cha awali cha mafanikio.

Wapo walioona tumaini mahali pengine. Mwaka 2020, watafiti wa Hospitali ya Hadassah, Jerusalem, walieleza kuwa miongoni mwa wagonjwa 48 wenye MS inayoendelea kudhoofisha mwili, waliopewa seli hizo walifanya vizuri kuliko wasiopewa, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliodungwa kupitia mgongo kuliko kwa njia ya mshipa wa damu. Idadi hiyo ni ndogo, na matokeo ya aina hiyo huhitaji kurudiwa na makundi mengine kabla ya kuwa msingi wa tiba.

Ni muhimu pia kuzingatia kilichopimwa. Kipimo kikuu cha MESEMS kilikuwa majeraha yatokanayo na kinga, si urejeshaji wa mielini. Kuipima mielini inayorejea ndani ya ubongo wa mtu aliye hai ni kazi ngumu. Mwaka 2017, watafiti wa San Francisco walitumia njia ya macho: walipima muda ambao taarifa huchukua kutoka jichoni hadi kwenye ubongo kwa wagonjwa 50 waliopewa klemastini, dawa ya zamani ya mzio. Muda huo ulipungua kidogo, ishara kwamba neva ya jicho ilianza kufunikwa upya. Matokeo hayo si ruhusa kwa mgonjwa kujinunulia dawa hiyo. Thamani yake ni kuonesha kuwa ukarabati wa mielini ya binadamu unaweza kuchochewa na kupimwa, na kwamba tiba yoyote itakayotokana na seli shina itapaswa kupita katika mizani ya namna hiyo.

Seli shina si tiba moja

Mkanganyiko mkubwa miongoni mwa wananchi hutokana na neno lenyewe. Zipo seli shina za damu, ambazo matumizi yake ni tiba iliyokwisha kukubalika. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma ya upandikizaji uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Huduma hizo zinahusu magonjwa ya damu, na hufanywa na mabingwa katika wodi maalumu zenye udhibiti mkali wa maambukizi.

Seli shina za damu zimetumika pia kwa baadhi ya wagonjwa wa MS katika nchi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 110, ulionesha kuwa njia hiyo ilichelewesha ulemavu kuliko dawa walizolinganishwa nazo. Hata hivyo, kinachofanyika hapo ni kuiondoa kwa dawa kali kinga iliyoasi, kisha kuijenga upya kwa seli za mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo huzuia mashambulizi mapya, na haikusudii kuotesha mielini iliyopotea. Mtu anayetumia mafanikio ya upandikizaji uloto kutangaza matone ya kunywa anaunganisha mambo mawili yasiyohusiana.

Biashara inapoitangulia sayansi

Madhara ya kuitangulia sayansi yamekwisha kuonekana. Mwaka 2016, jarida la kitabibu la New England lilichapisha habari ya mgonjwa wa kiharusi aliyesafiri China, Argentina na Mexico kudungwa seli za aina mbalimbali. Baadaye alipatwa na uvimbe katika uti wa mgongo uliomzidishia ulemavu, na vipimo vilionesha kuwa seli za uvimbe huo hazikuwa zake. Desemba 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari kwa umma baada ya wagonjwa kadhaa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizodaiwa kuwa na eksosomu.

FDA haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu kwa tiba. Ilikuwa Desemba 2024 tu ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza tiba ya seli shina za mesenkima, nayo ni kwa watoto wanaopata madhara makali baada ya kupandikizwa seli za mtu mwingine, pale dawa za kawaida zinaposhindwa. Haihusu MS wala mielini. Kama nchi yenye uwekezaji mkubwa katika eneo hilo imefika hapo tu, ni halali kwa mwananchi kujiuliza muuzaji wa mtandaoni aliipata wapi tiba anayoitangaza.

Udhibiti nchini na maswali ya kuuliza

Nchini Tanzania, dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo mwaka 2018, ikiitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa mifumo ya udhibiti. Majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha mamlaka hiyo, pamoja na idhini ya maadili ya utafiti inayotolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Mwaka 2019, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mnunuzi. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula au virutubisho imekidhi masharti ya chakula; usajili huo si uthibitisho kwamba inatibu ugonjwa wowote. Unga wenye maneno "seli shina" kwenye kopo lake unaweza kuwa halali dukani kama chakula, na wakati huohuo madai ya kuponya kupooza yanayotolewa na mwuzaji yakawa hayana msingi.

Kwa mantiki hiyo, mgonjwa au familia inayoelezwa kuhusu tiba ya seli shina inapaswa kuuliza mambo machache kabla ya kutoa fedha. Je, bidhaa imesajiliwa kama dawa, na kwa ugonjwa upi? Je, anayeitoa amesajiliwa na baraza la taaluma yake? Kama inaelezwa kuwa ni utafiti, kibali cha TMDA na cha maadili kiko wapi? Kwa kawaida mshiriki wa jaribio halali la dawa halipishwi gharama ya kile kinachojaribiwa. Hupewa fomu ya ridhaa yenye maelezo ya hatari zake, na huwa huru kujitoa wakati wowote. Anayedai mamilioni ya shilingi na kuahidi uponyaji kwa hakika anakwenda kinyume na taratibu hizo zote.

Tiba iliyopo leo

Tahadhari hii haina maana kwamba mgonjwa wa MS hana msaada. Julai 2023, WHO iliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika Orodha ya Dawa Muhimu, ambazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Dawa hizo hazirejeshi mielini, lakini hupunguza mashambulizi yanayoiharibu. Kuingizwa kwake katika orodha hiyo kunazipa nchi msingi wa kuzizingatia katika miongozo na mipango ya ununuzi. Mazoezi ya viungo, matibabu ya maumivu na ushauri nasaha navyo huongeza ubora wa maisha ya mgonjwa.

Hapo ndipo hasara kubwa ya tiba za uongo inapoonekana. Familia inayouza kiwanja ili kununua chupa zisizothibitishwa hupoteza fedha, na pamoja nazo hupoteza miezi ambayo mgonjwa angeweza kuwa mikononi mwa bingwa, akizuia mashambulizi mapya wakati neva zake bado zi hai. Tiba ya kurejesha mielini, itakapopatikana, itamfaa zaidi mgonjwa ambaye neva zake zimehifadhiwa.

Sayansi ya majimaji ya seli shina imekwisha kutoa jambo la thamani kubwa: imeonesha kuwa ubongo una mafundi wake, na kwamba wanaweza kuamshwa kwa ishara sahihi. Kinachosubiriwa ni majaribio yatakayothibitisha kwa binadamu kile kilichoonekana kwa panya, kwa kipimo kinachojulikana na usalama unaofuatiliwa. Wakati majaribio hayo yakiendelea, mwananchi anayeona ukungu wa ghafla katika jicho moja, ganzi isiyoisha au udhaifu wa miguu unaokuja na kuondoka anashauriwa kufika mapema katika kituo cha afya ili apewe rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa fahamu. Anayekutana na bidhaa inayotiliwa shaka anahimizwa kutoa taarifa katika ofisi ya kanda ya TMDA iliyo karibu naye.